Kabla Hujamwita Dalali

Ukipita mitaa ya Tabata, Kimara au Mbagala, hukosi kuona ukuta ulioandikwa kwa rangi nyekundu: NYUMBA HII HAIUZWI. Mgeni wa Dar es Salaam hushangaa, maana nyumba zisizouzwa ni nyingi na hazina maandishi. Mwenyeji haulizi. Anajua kwamba kuna ndugu aliyetaka kuiuza wenzake wakiwa hawana habari, au kuna tapeli aliyekwisha kuitangaza bei akiwa na nakala ya hati aliyoipata kusikojulikana. Wewe unayetaka kuuza nyumba yako kihalali, kwa mara ya kwanza maishani, elewa kwamba kila mnunuzi atakayebisha hodi ameyasoma maandishi hayo tangu utotoni. Anakuja na pesa, na anakuja na hofu.

Kwa hiyo kazi ya kwanza si rangi wala picha. Ni kuiondoa hofu hiyo. Wauzaji wengi wa mara ya kwanza huanzia mwisho: wanamwita dalali, mnunuzi anapatikana, anaomba kuona hati, na hapo ndipo mbio zinapoanza. Hati iko kwa shangazi Morogoro. Kodi ya pango la ardhi haijalipwa miaka sita. Mkopo wa benki ulikwisha zamani lakini rehani haijafutwa. Mnunuzi anavumilia wiki mbili, ya tatu anashusha bei, ya nne hapokei simu. Fedha kubwa inayopotea katika kuuza nyumba haipotei kwenye kupatana bei. Inapotea kwa mtu aliyebanwa na shida huku karatasi zake hazijakaa sawa. Anza mapema, ikiwezekana mwaka mzima kabla ya siku unayohitaji fedha. Ninayoyaeleza hapa ni ya Tanzania Bara; Zanzibar ina sheria zake za ardhi.

Unauza nini hasa?

Kwa sheria yetu, ardhi yote ni mali ya umma na Rais ndiye mdhamini wake. Unachouza ni haki ya kuimiliki kwa muda pamoja na nyumba iliyojengwa juu yake. Muda huo umeandikwa kwenye hati: miaka 33, 66 au 99. Itoe hati yako leo uisome. Hati ya miaka 33 iliyoanza 1998 inakwisha 2031, na mnunuzi anayetegemea mkopo wa benki ataliona hilo kabla hajaona marumaru za sebuleni. Kama miaka iliyobaki ni michache, nenda ofisi ya ardhi ukaulize utaratibu wa kuongeza muda kabla hujatangaza kuuza.

Wengine hawana hati miliki. Wana leseni ya makazi, ile inayotolewa kwa nyumba zilizo katika maeneo yasiyopangwa, ambayo ina ukomo wake wa muda na huhuishwa. Na wengine, ambao ni wengi sana, wana mkataba wa mauziano tu, wenye mhuri wa serikali ya mtaa na saini za mashahidi. Nyumba ya aina hii huuzika pia, lakini inahitaji maandalizi zaidi kuliko ile yenye hati. Kusanya mlolongo wote: karatasi uliyouziwa wewe, aliyouziwa aliyekuuzia, hadi kwa mmiliki wa kwanza kama inapatikana. Waite majirani wa pande zote za kiwanja, mkae, mkubaliane mipaka, waandike majina na waweke saini. Jirani akifa au akihama, ushahidi wake huondoka naye. Kama mtaa wenu uko kwenye zoezi la urasimishaji, lipia upimaji uumalize. Tofauti ya bei kati ya kiwanja kilichopimwa na kisichopimwa ni kubwa kuliko gharama ya kupima.

Mwenye hati asijione amemaliza. Fanya jambo ambalo wamiliki wachache hulifanya: omba upekuzi wa hati yako mwenyewe katika ofisi ya Msajili wa Hati. Wakili wa mnunuzi ataufanya upekuzi huo huo, kwa hiyo ni heri ukajua kabla yake kilichomo. Unaweza kukuta rehani uliyokwisha kuilipa bado imo kwenye daftari, kwa sababu benki haikupeleka hati ya kuifuta na wewe hukufuatilia. Unaweza kukuta zuio lililowekwa na ndugu. Unaweza kukuta jina limeandikwa Khamis wakati kitambulisho chako cha NIDA kinasema Hamisi, jambo dogo kwa macho, ila linataka kiapo mbele ya wakili kabla uhamisho haujapokewa. Hakuna hata moja kati ya hayo linaloshindikana kurekebishwa, lakini kila moja lina foleni yake.

Halafu tembea ukitafute kiwanja chako ardhini. Bikoni zote zipo? Fundi aliyejenga uzio hakuziba moja kwa zege? Ukuta haukuingia kwa jirani au kwenye hifadhi ya barabara? Sheria ya Barabara ya 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu hadi mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara, na waliokuwa wakiishi kandokando ya Barabara ya Morogoro wanakumbuka bomoabomoa ya Kimara ya 2017. Kama sehemu ya eneo lako ina alama ya X ya kubomolewa, mwambie mnunuzi mapema na bei ilingane na hali hiyo. Ukificha, ataiona, na hatakuamini tena hata unaposema kweli.

Watu kabla ya karatasi

Sasa nifike kwenye jambo linalovunja mauzo mengi kuliko yote. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inamkataza mume au mke kuuza, kuweka rehani au kugawa nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Haijalishi jina lililo kwenye hati ni la nani. Mume aliyejenga kwa mshahara wake peke yake bado anahitaji ridhaa ya mke anayeishi naye humo. Mke aliyenunua kwa biashara yake bado anahitaji ya mume. Ridhaa iwe ya maandishi, isainiwe mbele ya wakili, na mwenye kuitoa awe ameelewa anachosaini. Nasisitiza hili la mwisho. Saini iliyopatikana kwa kumwambia mama watoto "weka sahihi hapa, ni mambo ya benki" itarudi mahakamani, na itarudi mnunuzi akiwa amekwisha kubomoa jiko. Kaeni mezani, mwambie unauza kwa nini, bei gani, na fedha itakwenda wapi. Akikataa, ana haki ya kukataa.

Nyumba ya urithi ni kesi nyingine. Kikao cha ukoo hakiuzi nyumba, hata kama muhtasari wake una saini za wazee wote na picha ya pamoja. Muhtasari huo unamteua mtu wa kwenda mahakamani, na mahakama ndiyo inayompa usimamizi wa mirathi. Msimamizi akishathibitishwa ndipo jina lake linaingizwa kwenye hati kama msimamizi, na ndipo anaweza kuuza. Naye hauzi kama mali yake: anauza kwa niaba ya warithi na anawajibika kurudi mahakamani na hesabu. Kama baba alifariki muda mrefu na nyumba bado iko kwa jina lake, msimwite dalali yeyote. Nendeni Mahakama ya Mwanzo kwanza. Na warithi wote wajulishwe, akiwemo yule wa Mwanza ambaye hajaonekana msibani, na yule mtoto wa nje ambaye kila mtu anamjua na hakuna anayemtaja. Huyo asiyetajwa ndiye mara nyingi anayekwenda Baraza la Ardhi na Nyumba.

Wapo pia wapangaji. Wape taarifa kwa maandishi na kwa heshima. Kama wamelipa kodi ya miezi sita mbele, amua na mnunuzi nani anabaki na fedha hiyo, au warudishiwe ya miezi iliyobaki wahame kwa amani. Mpangaji aliyeudhiwa humweleza kila anayekuja kuona nyumba jinsi maji yanavyojaa chumbani wakati wa masika.

Risiti zako ni fedha

Ukiuza nyumba kwa faida, mkazi wa Tanzania hulipa kodi ya ongezeko la mtaji ya asilimia 10 ya faida hiyo. Kodi hii hulipwa kabla ya uhamisho: Msajili hasajili jina jipya bila cheti cha TRA. Faida ni bei ya kuuzia ukitoa gharama ulizotumia kuipata na kuiboresha nyumba. Hapo ndipo mifuko ya plastiki iliyo juu ya kabati, yenye risiti za saruji, nondo, bati na mikataba ya mafundi, inapopata thamani. Muuzaji asiye na kumbukumbu za gharama hutozwa asilimia 3 ya bei ya mauzo au ya thamani iliyoidhinishwa, ile iliyo kubwa.

Chukua mfano. Umeuza kwa shilingi milioni 95. Huna karatasi yoyote: asilimia 3 ni milioni 2 na laki 8 na nusu. Una karatasi zinazoonyesha kwamba kununua kiwanja, kujenga na kukarabati kulikula milioni 83: faida ni milioni 12, kodi ni milioni 1 na laki 2. Na kama nyumba hiyo ni makazi yako binafsi, umeimiliki kwa miaka mitatu au zaidi na kuishi humo kwa jumla ya miaka mitatu au zaidi, faida isiyozidi milioni 15 imesamehewa, kwa hiyo hulipi kodi hiyo kabisa. Nyumba ni ile ile na bei ni ile ile. Viwango hivi vinaweza kubadilishwa na Sheria ya Fedha ya kila mwaka, hivyo pita ofisi ya TRA uliyo karibu nayo uthibitishe vya mwaka unaouza.

Usikubali ushauri wa kuandika bei ndogo kwenye mkataba ili kukwepa kodi. Nyumba itathaminiwa na mthamini aliyesajiliwa, na ripoti yake itaidhinishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali, kwa hiyo kodi haitafuata hiyo bei ya uongo. Kitakachofuata bei hiyo ni madai yako. Ukiandika milioni 40 na mnunuzi akasitisha malipo njiani, mahakamani unazo milioni 40.

Maliza pia kodi ya pango la ardhi, bili za maji, na madeni ya kodi ya majengo, ambayo tangu 2021 hukatwa kupitia mita ya LUKU. Ushuru wa stempu, ambao ni kama asilimia 1, kwa kawaida ni wa mnunuzi. Andikeni hivyo kwenye mkataba. Na ukiambiwa kuna asilimia 10 ya ofisi ya mtaa, uliza inatokana na sheria gani, na udai namba ya malipo ya serikali na stakabadhi. Fedha isiyo na stakabadhi usiitoe.

Nyumba yenyewe

Jitembeze nyumbani kwako kama mtu usiyepajua. Mnunuzi makini haanzi na sebule. Anainua macho darini kutafuta duara la kahawia lililoachwa na maji ya mvua. Anainama chini ya dirisha kuona rangi inayobanduka kwa unyevu na chumvi. Anafungua bomba la bafuni na la jikoni kwa pamoja asikilize nguvu ya maji. Anafunua mfuniko wa chemba. Anauliza shimo la choo lilitapishwa lini na gari la majitaka linaingilia wapi. Hayo ndiyo ya kuyashughulikia: bati linalovuja, bomba linalodondosha, soketi iliyoungua, mlango usiofunga, chemba iliyojaa. Fundi mzuri humaliza kwa wiki moja au mbili.

Baada ya hapo paka rangi nyeupe au ya maziwa, nyumba nzima. Ukuta mmoja mpya kati ya kuta kuukuu humfanya mnunuzi aukaribie akautazame kwa makini, na kwa haki kabisa. Usibadilishe jiko zima wala kujenga baraza jipya kwa matumaini ya kupandisha bei. Kila mnunuzi ana jiko lake kichwani na hatakulipa la kwako. Punguza vyombo, fyeka majani, osha tanki, fungua madirisha. Kama nyumba yako haivujishi na barabara yake haijai maji, karibisha wanunuzi Aprili, mvua ikinyesha. Hakuna tangazo linaloshinda chumba kikavu wakati wa masika.

Andika orodha ya vinavyobaki na vinavyoondoka: tanki la maji, pampu, viyoyozi, mapazia, makabati, taa za nje. Ugomvi wa siku ya kukabidhi funguo huwa juu ya pampu, si juu ya nyumba. Na kama kuna kaburi la mzee uani, lisiachwe kuwa habari ya mwisho. Mweleze mnunuzi tangu ziara ya kwanza, na muandike ndani ya mkataba kama litahamishwa kwa taratibu za serikali na za dini, au litabaki na ndugu wataruhusiwa kulizuru.

Bei na dalali

Bei inayotajwa mtaani si bei iliyolipwa. Jirani anasema nyumba yake ni milioni 150, na imekaa sokoni miaka miwili kwa bei hiyo. Tafuta zilizouzwa kweli, mtaa wako, mwaka huu au uliopita, na uulize kilicholipwa mwisho. Ripoti ya mthamini, ambayo utaihitaji baadaye, itakusaidia kuanzia sasa. Kisha jiwekee bei mbili: ya kutangaza na ya chini kabisa. Hiyo ya chini aijue mwenzi wako tu.

Dalali mwema anastahili malipo yake. Anajua wanunuzi ambao wewe huwajui. Wengi Dar es Salaam hutaka kati ya asilimia 5 na 10. Kinachoharibu ni kile kinachoitwa cha juu: unamwambia unataka milioni 90, yeye anamtajia mnunuzi 105, na tofauti inaishia mfukoni mwake. Mnunuzi akigundua, anakuona wewe mwizi. Mkataba wa dalali uwe wa maandishi, asilimia itajwe, malipo yawe baada ya mauzo kukamilika, na wewe uwepo siku ya kutaja bei. Madalali wawili wanatosha. Ukiwapa kumi, nyumba moja itatangazwa kwa bei kumi, na mnunuzi ataona kuna kasoro.

Wageni watakaokuja si wote wanunuzi. Hati halisi usimwachie mtu, hata akisema anaipeleka benki ikahakikiwe. Ionyeshwe ofisini kwa wakili, ukiwa umekaa hapo. Anayetaka kuhakiki mpe namba ya hati akafanye upekuzi. Ukilazimika kutoa nakala, andika katikati ya ukurasa kwa kalamu nzito: KWA UPEKUZI TU, na tarehe. Matapeli wanapenda nakala safi. Jua pia kwamba asiye raia wa Tanzania haruhusiwi kumilikishwa ardhi isipokuwa kwa uwekezaji, kwa utaratibu maalumu. Akija na jina la rafiki Mtanzania ili kupita upande, mwache aende.

Mnunuzi akipatikana, wewe uwe na wakili wako na yeye awe na wake. Gharama ya wakili wa pili ni ndogo kuliko kesi. Mkataba utaje bei halisi, tarehe za malipo, nani analipa kodi ipi, siku ya kukabidhi, na nini kitatokea mmoja akirudi nyuma. Fedha ipite benki, na usihesabu kwamba umelipwa kwa kuona ujumbe wa simu. Subiri benki ithibitishe kwamba fedha iko kwenye akaunti. Akilipa kwa awamu, hati halisi ibaki kwa wakili mliyemkubali wote wawili, na funguo zibaki kwako hadi awamu ya mwisho. Uhamisho wa hati hupita kwenye Fomu Na. 29, 30 na 35 za ardhi, zikiambatana na mkataba, ripoti ya uthamini, cheti cha TRA na risiti za pango. Wakili anazijua, lakini zisome kabla ya kusaini.

Usiishie kwenye kupokea fedha. Wapo wanunuzi wanaoweka hati kabatini bila kuihamisha, kwa kukwepa gharama au kwa uvivu. Hadi Msajili aandike jina jipya, mmiliki anayetambulika serikalini ni wewe: deni la pango litakuja kwa jina lako, na kesi ya mpaka itakutafuta wewe. Weka kwenye mkataba tarehe ya mwisho ya kuhamisha, ifuatilie mwenyewe, na utunze nakala ya kila karatasi uliyosaini.